Mrithi wa Bab: kisa cha Mirza Yahya Nuri

Tarehe 9 Julai 1850, mjini Tabriz, Sayyid Ali Muhammad wa Shiraz alitundikwa kwa kamba kwenye ukuta wa kambi ya askari pamoja na kijana mmoja aliyekataa kutengana naye, wakapigwa risasi mbele ya umati. Alikuwa na umri wa miaka 30. Kwa miaka sita Uajemi ilikuwa imemfahamu kwa jina la Bab, yaani mlango, na waziri mkuu Amir Kabir aliamini kwamba akiondolewa yeye, dini yake nayo itakwisha. Hesabu hiyo ilikosea, ila si kwa mbali. Wafuasi walibaki, tena wengi, lakini karibu kila mtu ambaye angeweza kushika nafasi yake alikuwa ameuawa, amefungwa au amezingirwa. Jina la kiongozi likabaki kwa kijana wa miaka 19 hivi, Mirza Yahya Nuri, maarufu kwa lakabu ya Subh-i-Azal.

Miaka 18 baadaye kijana huyo alishushwa Famagusta, kisiwani Kupro, akiwa mfungwa wa Milki ya Uthmania. Kaka yake wa baba mmoja, Mirza Husayn Ali, aliyejulikana kwa jina la Baha'u'llah, alipelekwa gereza la Akka huku sehemu kubwa ya Wababi ikiwa upande wake. Kisa hiki husimuliwa sana kama ugomvi wa ndugu wawili: nani kadhulumu, nani kadhulumiwa. Wabahai, yaani wafuasi wa Baha'u'llah, wana simulizi yao, Waazali, waliobaki na Subh-i-Azal, wana yao, na kila upande una nyaraka za kuonyesha. Mimi naona anayeanzia kwa ndugu hao ameshachelewa. Urithi wa Bab ulivurugika Bab mwenyewe akiwa hai, na chanzo chake ni namna uongozi wa Kibabi ulivyojengwa tangu 1844.

Watu waliozoea kutafuta

Wababi wa kwanza walikuwa wanafunzi wa Kishaykhi, tapo la Kishia lililoanzishwa na Shaykh Ahmad al-Ahsa'i, aliyefariki 1826, na kuendelezwa huko Karbala na Sayyid Kazim Rashti. Washia Ithnaasheri, wakiwamo wale wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, wanaamini kwamba Imamu wa 12 yuko ghaibu tangu mwaka 260 wa Hijria, na kwamba mwanzoni aliwasiliana na waumini kupitia manaibu wanne waliofuatana. Washaykhi waliongeza jambo: hata katika ghaiba hiyo, hakukosi kuwapo mtu mkamilifu wa kuwaunganisha waumini na Imamu. Kwao, kukosa kiongozi kulikuwa msiba wa imani kabla ya kuwa tatizo la utawala.

Sayyid Kazim alifariki mwaka 1843 ukigeukia 1844, bila kutaja mrithi. Aliwaachia wanafunzi wake matarajio kwamba anayesubiriwa yu karibu, nao wakatawanyika. Wengine walimfuata Karim Khan wa Kirman, mtu wa ukoo wa kifalme wa Qajar. Wengine wakabaki na wanazuoni wa Karbala na Tabriz. Mulla Husayn Bushru'i na wenzake walikaa itikafu katika msikiti wa Kufa, kisha wakaondoka kutafuta. Usiku wa 22 Mei 1844, mjini Shiraz (ndiyo, Shiraz ileile ambayo koo nyingi za pwani yetu hujinasibisha nayo), Mulla Husayn alikaribishwa nyumbani kwa mfanyabiashara wa miaka 24, sharifu, ambaye hakuwa na jina lolote katika madrasa kubwa. Mwenyeji akadai kwamba anayetafutwa ndiye yeye, akaandika papo hapo mwanzo wa tafsiri ya Sura ya Yusuf bila kusita. Mulla Husayn akaamini.

Tuuangalie utaratibu wenyewe. Kiongozi wa kwanza wa Kibabi hakuteuliwa na aliyemtangulia. Alitafutwa, akatambuliwa kwa ishara. Wengine 17 waliingia kwa njia hiyohiyo, kila mmoja akitarajiwa amtambue mwenyewe. Mmoja wao, Tahira wa Qazvin, aliamini kwa barua bila kumwona. Hao 18 ndio walioitwa Herufi za Uhai. Ukimjumlisha Bab wanakuwa 19, namba ambayo dini hiyo iliijengea hata kalenda, miezi 19 ya siku 19. Watu waliofunzwa hivyo hawawezi kuridhika kirahisi na karatasi ya uteuzi. Macho yao yanabaki yakitafuta ishara, hata baada ya kuambiwa fulani ndiye mkubwa wenu.

Mamlaka yaliyotawanyika

Bab aliwatuma Herufi mikoani, akaenda hija Makka mwaka uleule wa 1844 akiandamana na Quddus, Herufi wa mwisho kuamini. Mulla Ali Bastami alitumwa Iraki, akakamatwa. Januari 1845 ulamaa wa Kisunni na wa Kishia walikaa baraza moja mjini Baghdad kumhukumu, jambo lililokuwa nadra mno. Alipelekwa Istanbul kufanyishwa kazi ngumu, akafia huko. Tangu hapo ikaeleweka kwamba kushika wadhifa katika dini hii ni kujiandalia kifo.

Bab naye hakupata muda mrefu wa kuwa huru. Aliporudi kutoka hija aliwekwa chini ya ulinzi Shiraz. Isfahan alikingwa na gavana, Manuchihr Khan, hadi gavana huyo alipofariki Februari 1847. Ikafuata ngome ya Maku, mpakani kabisa, kisha ngome ya Chihriq kuanzia 1848. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya dini aliongoza kwa barua, na barua husafiri polepole, huibiwa, hunakiliwa vibaya, na husomwa na kila mtu kwa jicho lake.

Chini yake hapakuwa na ngazi iliyonyooka. Mulla Husayn alikuwa wa kwanza kuamini, lakini alimnyenyekea Quddus, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri na kwa elimu. Tahira alipokuwa Karbala alikusanya wafuasi waliomsikiliza yeye kuliko mwanamume yeyote wa kundi lile. Waliokerwa walimwandikia Bab kumshtaki, na Bab akamtetea. Nayriz, watu waliingia kwa mamia kwa sababu Sayyid Yahya Darabi, mwenye lakabu ya Wahid, alikuwa ameingia. Zanjan walimfuata Mulla Muhammad Ali Hujjat, mwanazuoni wao wa siku zote. Wahid na Hujjat hawakuwamo katika wale 18, lakini kwa nguvu ya watu walio nyuma yao waliwazidi wengi wa hao 18. Hata vyeo vilihama. Ali Muhammad alipotangaza waziwazi mwaka 1848 kuwa yeye ndiye Qaim, Imamu anayesubiriwa, jina la Bab likaanza kutumiwa kwa Mulla Husayn.

Kiangazi cha mwaka huo, Wababi 80 hivi walikutana katika kijiji cha Badasht, mashariki ya Tehran. Walikuja kujadili namna ya kumtoa Bab gerezani na kama sharia ya Kiislamu imekoma. Quddus alisimama upande wa hadhari. Tahira alitaka kukata kamba moja kwa moja, na siku moja akatokea mbele ya wanaume bila kufunika uso. Mmoja wa waliokuwapo alijikata koo kwa fadhaa. Wengine waliondoka na hawakurudi tena kwenye dini ile. Aliyekodi bustani walizokaa na kugharimia mkutano alikuwa Mirza Husayn Ali Nuri, mwana wa mtu aliyetumikia dola, mwenye mali na nasaba. Masimulizi ya Kibahai yanasema ndiye pia aliyewapatanisha Quddus na Tahira. Masimulizi hayo yaliandikwa na watu waliokuwa tayari wanamwamini, kwa hiyo niko tayari kupunguza chumvi. Lakini kwamba alikuwapo, na kwamba fedha zilikuwa zake, hakuna anayelibishia.

Kwenye mkutano huo, wakubwa watatu au wanne wa dini wakiwa mahali pamoja kwa mara ya mwisho, ajenda ilikuwa gereza na sharia. Suala la atakayefuata Bab halikuwekwa mezani.

Miezi ishirini na moja

Oktoba 1848 Mulla Husayn, Quddus na wenzao mia kadhaa walizingirwa na jeshi la Shah katika ziara ya Shaykh Tabarsi, Mazandaran. Mulla Husayn aliuawa Februari 1849. Mei mwaka huo waliobaki walitoka kwa ahadi ya usalama, wakachinjwa. Quddus alikabidhiwa kwa watu wa mji wake mwenyewe, Barfurush, wakamuua hadharani. Karibu nusu ya Herufi za Uhai waliishia katika mzingiro huo mmoja. Juni 1850 Wahid aliuawa Nayriz, siku chache kabla ya Bab. Hujjat alikuwa amezingirwa Zanjan, asingetoka hai. Tahira alikuwa mahabusu nyumbani kwa kalantari, mkuu wa mji wa Tehran.

Ni katika kipindi hicho, habari za kifo cha Quddus zilipokwisha kufika Chihriq, ndipo barua za Bab kwa Mirza Yahya zinapoingia. Yahya alizaliwa 1831, akafiwa na wazazi mapema, akalelewa nyumbani kwa kaka yake Husayn Ali. Aliingia dini akiwa kijana mdogo, na maandishi aliyompelekea Bab yanasemekana yalimfurahisha sana. Barua maarufu zaidi inamwagiza aihifadhi Bayan, kitabu cha sharia cha Kibabi, na kuamrisha yaliyomo.

Pamoja na barua kuna kisa cha sanduku. Kabla ya kutolewa Chihriq kwenda kuuawa, Bab alikusanya maandishi yake, kalamdani, muhuri na pete, akavituma. Chanzo kinachowapendelea Waazali kinasema mzigo ulikwenda kwa Mirza Yahya, kama alama ya urithi. Chanzo cha Kibahai kinasema mzigo ulikabidhiwa kwa Mulla Abd al-Karim Qazvini, mmoja wa makatibu wa Bab, aufikishe kwa Baha'u'llah mjini Tehran. Watu wamelibishania sanduku hilo zaidi ya miaka mia moja. Binafsi naliona ushahidi dhaifu kwa pande zote mbili. Yahya alikuwa akiishi chini ya himaya ya kaka yake, kwa hiyo kifurushi cha mmoja kingeweza kupita mlango uleule na kifurushi cha mwingine. Mtu aliye ngomeni, anayejua siku zake zimehesabika, hutuma karatasi zake mahali penye nafasi ya kusalimika.

Wabahai wana maelezo mengine juu ya barua: kwamba Yahya alitajwa ili awe kifuniko, macho ya serikali na maadui yamwelekee yeye, wakati kiongozi halisi akibaki salama. Shoghi Effendi, aliyeiongoza dini ya Kibahai hadi 1957, aliandika mwaka 1944 kwamba Bab hakumtaja mrithi wala naibu. Lakini hata yeye hakukana kwamba Yahya alitambuliwa kama mkuu wa jumuiya. Nikipima yote, uteuzi ulikuwapo. Maelezo ya kifuniko yana mzigo mzito: yanatutaka tuamini kwamba barua ya Bab ilikusudiwa iwapotoshe polisi, na wakati huohuo ikawapotosha waumini wake kwa zaidi ya miaka kumi.

Mzigo wa Waazali nao si mwepesi. Barua inasema *hifadhi*. Haimpi Yahya cheo cha Bab, wala haielezi ataongoza vipi, atashauriana na nani, au akipotea nani ashike. Bab alikuwa na sharia kuhusu mirathi ya mali, kalenda, kufunga na ndoa, zikiwa na takwimu zake. Kuhusu mirathi ya mamlaka aliacha barua kwa kijana.

Kitabu kinachomnyima mrithi nguvu

Bayan ya Kiajemi, iliyoandikwa Maku, ilipangwa iwe na mafungu 19 yenye milango 19 kila moja. Iliishia mlango wa 10 wa fungu la 9. Kumalizia kitabu hicho kulikuwa moja ya kazi ambazo Yahya alijitwika baadaye. Katika sehemu iliyokamilika, Bab harudii jambo lolote mara nyingi kama anavyomrudia mmoja tu: Yule ambaye Mungu Atamdhihirisha. Kila sharia ina mwisho wake, na mwisho huo ni kuja kwake. Zaidi ya hapo, Bab aliwaonya wafuasi wasimuudhi mtu atakayejitokeza na dai hilo, hata kama hawakumtambua, kwa kuchelea wasije wakamtesa aliye wa kweli, kama ulamaa wa Uajemi walivyomtesa yeye.

Jiweke katika nafasi ya mtu aliyepewa kuongoza jumuiya yenye kitabu kama hicho. Akija mtu kesho na kudai ndiye, huna sharia ya kumzuia. Ukimzuia, wafuasi wako wana maandiko ya kukuuliza.

Kilichobaki kubishaniwa ni muda. Bab alitaja maneno mawili, Ghiyath na Mustaghath, ambayo kwa hesabu ya abjadi, inayoipa kila herufi namba yake, yanafika 1511 na 2001. Waazali waliyasoma kama miaka ambayo lazima ipite kwanza. Kwa usomaji huo, yeyote aliyedai katika karne ya 19 alikuwa mwongo kabla hajafungua kinywa. Wabahai waliyasoma kama kikomo cha mwisho kabisa, wakaonyesha mahali Bab alipozungumzia mwaka wa tisa wa dini yake, na mahali aliposema kwamba wakati huo hakuna aujuaye ila Mungu. Nguvu ya usomaji wa Kiazali ni kwamba unalinda uthabiti: haielekei mtu atunge sharia pana vile kwa ajili ya miaka 19 tu, kutoka 1844 hadi dai la Baha'u'llah la 1863. Nguvu ya usomaji wa Kibahai ni kwamba unaeleza mbona Bab anaandika kana kwamba mgeni yuko barazani.

Aliyejificha na aliyepokea wageni

Tarehe 15 Agosti 1852 Wababi wachache wa Tehran walimshambulia Nasir al-Din Shah kwa bastola. Alijeruhiwa kidogo tu. Kundi lililopanga jambo hilo lilihusishwa na Mulla Shaykh Ali Turshizi, mwenye lakabu ya Azim, mmoja wa wakongwe wachache waliobaki, naye aliuawa. Tahira aliuawa mwezi huohuo. Serikali iliwagawa wafungwa kwa makundi ya jamii, hawa kwa ulamaa, hawa kwa askari wa mizinga, hawa kwa wanafunzi, ili kila kundi litie mkono katika damu na lisipate pa kusimama kulaumu. Mirza Husayn Ali alikaa miezi minne katika shimo la Siyah-Chal akiwa na mnyororo shingoni. Uchunguzi haukumkuta na hatia, akafukuzwa nchini, akafika Baghdad Aprili 1853.

Mirza Yahya alikuwa ametoroka kwa kujigeuza, akamfuata kaka yake Baghdad. Hapo ndipo uongozi wake ulipopimwa. Akajificha. Aliishi kwa jina la kubuni, akawasiliana na waumini kupitia watu wachache, akateua mashahidi wa Bayan, yaani wawakilishi wake, mikoani Uajemi. Wanaomtetea wanasema Bab alimwagiza ajilinde, na kwamba mtu ambaye kichwa chake kinatafutwa hana wajibu wa kujianika. Hoja hiyo ina uzito, hasa ukikumbuka Barfurush na Zanjan. Lakini hujaji aliyetembea kutoka Isfahan au Qazvin kwa wiki kadhaa, akiwa na swali juu ya ndoa yake au juu ya ndugu yake aliyeuawa, alifika Baghdad akakuta mkuu wa dini haonekani, na kaka wa mkuu yuko wazi, ana chai, ana muda, na anajibu.

Mwanya huo ulizaa wadai. Miaka ya 1850 walijitokeza Wababi kadhaa, kila mmoja akisema ndiye aliyeahidiwa au ana cheo maalumu. Sishangai: walikuwa watoto wa mwaka 1844, waliofunzwa kutambua kwa ishara. Aliyekuwa na uzito zaidi ni Mirza Asad Allah wa Khuy, msomi ambaye Bab mwenyewe alimpa jina la Dayyan na kumsifu katika maandishi. Yahya aliandika kitabu kumlaani, na mwaka 1856 Dayyan aliuawa Baghdad na mtu wa upande wa Yahya. Hapa siwezi kumtetea. Kitabu alichopewa akihifadhi kilikataza kumuudhi mdai. Yeye alimjibu mdai kwa laana, na wafuasi wake wakamalizia kwa damu.

Baha'u'llah wakati huo hakuwa na dai lolote la wazi. Aprili 1854 aliondoka Baghdad peke yake akaishi kama darweshi milima ya Sulaymaniyya, akarudi Machi 1856. Baadaye aliandika kwamba alirudi kwa amri iliyotoka kwenye chanzo cha amri. Waazali wanasema chanzo hicho ni Yahya, na kwamba kaka mtu alikuwa akimtii mdogo wake. Wabahai wanasema ni Mungu. Sentensi yenyewe inabeba maana zote mbili, na mtu aliyeandika kwa ustadi kama wake alijua hilo. Nadhani miaka ile alichagua maneno yasiyovunja heshima ya mdogo wake wala kumfunga yeye mwenyewe.

Aliporudi ndipo jumuiya ikaanza kupata sura. Aliandika bila kuchoka, akawarudisha watu katika mwenendo, akakataza ulipizaji kisasi. Miaka 1861 na 1862 hivi alimjibu mjomba wa Bab kwa kitabu kizima kueleza kwa nini mpwa wake alikuwa wa kweli. Nasisitiza mjomba: familia ya Bab yenyewe ilipokuwa na shaka, jibu lililotoka Baghdad halikutoka kwa mrithi aliyetajwa.

Aprili 1863, katika bustani nje ya Baghdad, siku chache kabla ya kuhamishiwa Istanbul, Baha'u'llah aliwaambia watu wachache kwamba ndiye anayesubiriwa. Yahya aliandamana na msafara huo hadi Edirne, walikofika Desemba mwaka huo.

Edirne

Mwaka 1866 Baha'u'llah alimpelekea Yahya dai lake kwa maandishi, na Yahya akajibu kwa dai lake mwenyewe. Nyumba zikagawanyika, samani zikagawanywa, kila upande ukimshtaki mwingine kwa kutaka kutia sumu. Siingii katika kesi ya sumu. Mashahidi wote ni ndugu na watumishi wa pande mbili, wanaandika wakiwa na hasira. Septemba 1867 yaliitishwa mubahala katika msikiti wa Sultan Selim, ndugu wakutane hadharani waombe hukumu ya Mungu. Wabahai wanaeleza kwamba Baha'u'llah alikwenda na Yahya hakutokea. Waazali hawaikubali simulizi hiyo. Hata hivyo, kati ya Wababi wa Uajemi habari iliyoenea ni ile ya Kibahai, na kuenea kwake kunasema jambo: baada ya miaka 15 ya kujificha, watu walikuwa tayari kuamini kwamba hatatokea.

Dola ya Uthmania iliogopa watu hawa wanaoandikiana barua nyingi mno, na mwaka 1868 ikawatenganisha: Baha'u'llah Akka, Yahya Kupro. Kwa ujanja wa kiaskari, Wabahai wanne waliunganishwa na msafara wa Kupro na Waazali wachache wakapelekwa Akka, kila kundi liwe jicho kwa jingine. Januari 1872 Waazali watatu wa Akka waliuawa na Wabahai. Baha'u'llah alilaani mauaji hayo, lakini yalitokea, na msomaji anayemkumbuka Dayyan akumbuke na haya.

Kufikia miaka ya 1870 wengi wa Wababi wa Uajemi walikuwa wamekwenda kwa Baha'u'llah. Huko Akka hakurudia kosa la Chihriq. Aliacha wosia wa maandishi kwa mkono wake, uliofunguliwa na kusomwa siku chache baada ya kifo chake Mei 1892, ukimtaja mwanawe Abbas, Abdu'l-Baha, na kutaja atakayekuwa wa pili kwake. Ugomvi ulitokea hata hivyo, kwa sababu huyo wa pili, Mirza Muhammad Ali, hakuridhika. Lakini mgawanyiko ulikuwa mdogo. Hekalu la Wabahai la Kikaya, Kampala, lililofunguliwa 1961, ni tunda la mstari huo.

Yahya aliishi Famagusta miaka 43. Waingereza walipochukua Kupro mwaka 1878 alipata kuwa huru, akapewa posho, akabaki palepale. Edward Browne wa Cambridge alimtembelea mwaka 1890, akanukuu na kukusanya maandishi, na ni kwa sababu yake kwamba hoja za Kiazali zinajulikana Ulaya. Yahya alifariki 29 Aprili 1912, na mwanawe alieleza kwamba mazishi yalisimamiwa na imamu wa Kiislamu wa mji, kwa kuwa hapakuwa na shahidi wa Bayan karibu wa kuyasimamia.

Mtu aliyemtaja kumrithi, Mirza Hadi Dawlatabadi wa Isfahan, alikuwa amefariki 1908. Enzi za uhai wake Hadi alibanwa na ulamaa hadi akamkana Yahya mbele ya watu. Waazali waliobaki Uajemi waliishi kwa taqiya, wakiswali na Waislamu na kuhubiri katika mimbari zao. Baadhi yao, kama Malik al-Mutakallimin na Jamal al-Din wa Isfahan, walikuwa wasemaji wakubwa wa mapinduzi ya katiba ya 1906, wakauawa 1908. Mwana wa Hadi, Yahya Dawlatabadi, aliyetazamwa kama mrithi baada ya baba yake, alijulikana kwa kufungua shule za kisasa na kwa siasa za bunge. Alifariki 1939, na nafasi yake haikushikwa na mtu.